Kifua Changu na Kifua Chake

Jumanne, 2 Aprili

Leo nimevunja mlango wa hospitali. Nilikusudia kumvunja daktari taya, akainama, ngumi ikaenda kwenye kioo. Muuguzi aliyenishona ni yule yule niliyekuwa nimemtukana, na ganzi alinipa ya kuonjesha tu. Sikumpa raha ya kunisikia nikilia.

Mke wangu amekufa jana akijifungua. Damu ilikataa kukata. Walikuwa wanapita na ndoo mbele yangu wakinieleza kwamba wanajitahidi.

Mtoto ametoka hai, wa kike, miezi yake haijatimia. Kilo moja na gramu mia tatu. Kazi yangu ni vyuma chakavu. Kipande cha shaba cha uzito huo nakitia mfukoni na kusahau kwamba nimekitia.

Mvua imeanza, na imeanza kwa hasira.

Alhamisi, 4 Aprili

Tumezika. Kaburi lilijaa maji, tukachota kwa ndoo kama watu wanaookoa mtumbwi. Udongo ulipoanza kurudishwa, kaka wa marehemu akanishika kola mbele ya umati. Ni dereva wa lori, mtu wa mabega, watu humwita Winchi.

"Umemuua dada yangu, we mwokota makopo!"

Nikampiga kichwa cha pua. Tukaviringishana kwenye ule udongo uliokuwa umfunike mke wangu, hadi wanaume wanne walipotutenganisha. Mama mkwe hakupiga kelele. Alijifuta tope kwenye kanga, akaniangalia kama mtu anayeangalia doa.

"Mwacheni," akasema. "Mtoto tutamchukua sisi."

Makopo nimeyaokota, sikatai. Nilianza nayo nikiwa sina wa kunipa hata sahani. Leo nina yadi, mizani mbili na winchi ya kweli, isiyo na mdomo. Katika ukoo wao hakuna mwingine aliyejenga kitu kwa mikono yake mitupu. Na bado kwao mimi ni makopo.

Mtoto wangu hawamchukui. Labda waje kumchukua juu ya maiti yangu, na maiti yangu ni nzito.

Ijumaa, 5 Aprili

Wodi ya watoto njiti ni chumba kirefu chenye joto la tanuri. Anayekitawala ni sista mfupi asiyecheka. Kina mama wanamwita Sista Jiwe, na yeye anajua. Nilikuwa nimejiandaa anifukuze kwa ajili ya kile kioo.

"Mashine za kutunza joto ninazo nne," akaniambia. "Watoto ni kumi na mmoja. Vua shati."

"Nini?"

"Vua shati, baba. Wewe ndiye mashine ya tano."

Akanikalisha kitanda cha nne, akaniwekea mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akatufunga kwa kitenge hadi nikabaki natoa kichwa tu kama kobe. Mtoto hana uzito wa kuhisika. Ana joto tu, na moyo unaokimbia kama mwizi.

Mguuni amefungwa kitu wanachokiita kikuku. Ni ukanda laini wenye kidude kidogo kama kifungo, hauna waya hata mmoja. Unasoma mapigo ya moyo na hewa iliyomo kwenye damu, unazirusha namba hadi kwenye kioo kikubwa cha runinga juu ya meza ya wauguzi. Kila mtoto ana mstari wake. Hewa ikishuka chini ya themanini na nane, kioo kinalia.

"Zamani walikuwa wamefungwa nyaya kama redio mbovu," Sista Jiwe akasema. "Mama hawezi kumbeba mwanawe. Sasa mbebe mpaka uchoke. Lakini ujue jambo moja: watoto hawa husahau kupumua."

"Husahau vipi? Kupumua kunasahaulika?"

"Yeye bado hajazoea. Akisahau, msugue unyayo, umkumbushe. Kioo kitakwambia, lakini macho yako yasimwachie kioo kazi yote."

Amesahau mara moja leo. Namba ikaanguka kama mtu aliyeteleza ngazini. Nilimsugua unyayo hadi nikaogopa nitamchuna. Akarudi. Mimi nikabaki nataka kumpiga mtu, na hapakuwa na wa kupigwa.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Kasahau mara mbili, kakumbushwa.

Jumatatu, 8 Aprili

Mama mkwe kaja, kanyooka kama sindano. Ni fundi cherehani wa sare za shule, na anatembea kama anayepima mistari ya sakafu. Akanikuta kifua wazi. Mkwe kifua wazi mbele ya mama mkwe! Akageuza uso ukutani. Mimi nikavuta kitenge hadi mtoto akakohoa.

"Sista," akasema akiwa bado anaongea na ukuta, "mwambie huyu ajisitiri. Na kisha nipe mjukuu wangu, nimbebe mimi. Hii si kazi ya mwanamume."

"Hapa hakuna mkwe wala mama mkwe," Sista Jiwe akamjibu. "Hapa kuna vifua. Huyu mtoto anataka kifua mchana kutwa, na baba yake anahitaji kula na kwenda chooni. Asubuhi baba. Chakula cha mchana hadi jioni bibi. Jioni baba tena. Asiyetaka, geti liko wazi."

Nilikataa. Nikamwambia mwana wa huyu mama alinivamia makaburini. Sista akaniambia kwamba mafahali wakipigana zinaumia nyasi, na nyasi yake yeye ni kilo moja na robo, kwa hiyo tukapiganie mbele ya safari.

Kilo moja na robo. Amepungua gramu hamsini. Nikakubali.

Jumanne, 9 Aprili

Upepo umeng'oa bati la yadi yangu, likaruka kama panga na kumkata mbuzi wa jirani shingo. Nimelipa mbuzi. Jirani anataka nimlipe na mimba ya mbuzi.

Jumatano, 10 Aprili

Zamu ya mama mkwe ninakaa koridoni. Kuna dirisha la kioo, na kutoka hapo naiona ile runinga vizuri. Mstari wa nne ni wetu. Mimi namba huwa zinajipanga zenyewe kichwani, hata nisipotaka.

Kwenye kifua changu hewa inakaa tisini na tano, tisini na sita. Kwenye kifua chake tisini na moja, tisini na mbili. Asubuhi yangu kioo kimelia mara moja. Mchana wake kimelia mara nne.

Alipotoka nilimsubiri mlangoni.

"Mama, shikamoo."

Hakuitikia.

"Nimekuwa nahesabu. Kwangu tisini na sita. Kwako tisini na moja. Hata damu yake inajua yuko kwa nani."

Midomo ikamcheza. Nilifurahi kama mtu aliyepiga ngumi ikaingia sawasawa.

Sista Jiwe alisikia. Akaniambia tofauti hiyo ni ya maziwa: mtoto hulishwa kwa mpira wa puani mwanzoni mwa zamu ya bibi, na akishiba hupumua kwa taabu. Sikutaka kuisikia habari ya maziwa.

Ijumaa, 12 Aprili

Winchi alinisubiri getini na wenzake wawili wa malori. Nilikuwa nimekuja na kipande cha nondo kwenye mkono wa koti, si mjinga mimi, lakini mlinzi wa geti alikuwa ameninyang'anya nilipoingia. Kwa hiyo nikatoka mikono mitupu.

"Shemeji," akaniita, kwa tabasamu. "Mama analia nyumbani. Umemwambia nini mama yangu?"

"Nimemwambia namba."

Kofi lake la kwanza lilinizungusha. Nilimng'ata mmoja wa wenzake sikio, sijuti. Wakanilaza kwenye mfereji, maji machafu yakaniingia puani, Winchi akasimama juu ya mkono wangu wenye nyuzi.

"Mtoto wa dada yangu halelewi kwenye jalala la vyuma. Akapate pepopunda? Akitoka humo ndani, anatoka na sisi."

Jino moja limebaki mferejini. Nyuzi tatu zimefumuka. Nimerudi ndani zamu ya jioni nikiwa nanuka mfereji, Sista Jiwe akanisugua kifua kwa sabuni na brashi kama sufuria kabla hajanipa mtoto.

Alikuwa tisini na sita. Tulipumua pamoja. Kwa namna fulani ilikuwa siku nzuri.

Jumatatu, 15 Aprili

Kaja afisa ustawi wa jamii, kijana mwenye koti la mvua na mafua. Mama mkwe ndiye aliyemwita. Tukakaa naye kwenye kijichumba cha kuhifadhia mashuka, sisi watatu na harufu ya dawa.

Mama mkwe akasema: baba ni mpiga watu, hana mke, anaishi katikati ya kutu na makopo ya asidi. Mimi nikasema: baba ni baba. Yeye akasema: nimelea watano. Mimi nikasema: mmojawapo amening'oa jino, kwa hiyo tusijisifie malezi.

Afisa akapenga kamasi. "Sheria inaangalia maslahi ya mtoto."

"Basi twende ukaangalie," nikamwambia. "Usitazame sura ya mtu. Ile runinga haina ndugu. Angalia anapumua vizuri kwa nani."

Akavutiwa! Nilimwona. Akasema atapita tena wiki ijayo, na atazingatia "maendeleo ya mtoto chini ya kila mlezi". Mama mkwe aliinamisha kichwa akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga.

Nimemshika pabaya. Namjua mtu aliyeishiwa hoja, nimefanya biashara na watu miaka yangu yote.

Jumanne, 16 Aprili

Zamu yake leo: tisini na saba. Haikulia hata mara moja.

Jumatano, 17 Aprili

Tisini na nane. Nilisimama koridoni hadi miguu ikafa ganzi. Zamu yangu mimi ilikuwa tisini na tano, na kioo kimelia mara mbili. Alipotoka aliitikia shikamoo yangu, eti "Marahaba, baba, hujambo?" kwa sauti tamu kama ya mtu anayekuzika.

Alhamisi, 18 Aprili

Tisini na nane tena. Namchukia. Nimeichukia hata ile namba. Nimekaa na mwanangu asubuhi nzima nikimnong'oneza, kwa nini unanifanyia hivi, mimi ndiye baba yako. Naandika hivi ili nikumbuke nilipofika: mwanamume mzima, namwonea wivu bibi kizee kwa sababu ya pumzi.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika kwa mkono wa kushoto. Mfupa wa bega la kulia umevunjika, na mbavu tatu. Nitaandika taratibu, maana yaliyotokea jana nataka yakae mahali nje ya kichwa changu.

Mchana mvua ilikuja na radi. Juu ya wodi ni bati, na ikinyesha namna ile, huwezi kusikia hata mtu anayekupigia kelele sikioni. Nilikuwa koridoni, pua kwenye dirisha, naangalia mstari wa nne kama mtu anayeangalia timu yake ikifungwa. Mapigo mia na thelathini na moja, hewa tisini na nane.

Mia na thelathini na moja. Moyo wa mwanangu haujawahi kwenda polepole hivyo, hata akiwa usingizini. Wake ni wa mia hamsini.

Jicho likashuka mstari wa tano. Kitanda cha tano ni cha Kibonge, mtoto wa kiume mnene aliyeletwa kwa ajili ya manjano ya ngozi tu. Kina mama hutaniana kwamba yeye si njiti, ni gogo. Kibonge: mia na thelathini na moja, tisini na nane.

Namba zikabadilika. Mstari wa nne, mia thelathini na nne. Mstari wa tano, mia thelathini na nne. Zikapanda pamoja, zikashuka pamoja, kama watu wawili waliofungwa pingu.

Sikumbuki mlango. Nakumbuka Kibonge kwenye kitanda chake, peke yake, maana kila mchana mama yake huenda kuoga na kufua na kumwachia mama mkwe amwangalie. Amelala kama bwana. Mguu wa kushoto, kikuku. Mguu wa kulia, kikuku.

Na mama mkwe kwenye kiti, amefungwa kitenge na mwanangu, kichwa kimeangukia begani. Amelala fofofo.

Nikakipasua kile kitenge. Mtoto alikuwa rangi ya risasi. Midomo ya bluu, mikono inaning'inia, hakuna kinachopanda wala kushuka. Mama mkwe akagutuka akanishika mkono, nadhani alifikiri ninamwiba. Nikampiga na kiwiko cha mkono. Kwa nguvu zangu zote. Nilisikia kichwa chake kikigonga chuma cha kitanda, na ndani yangu kitu kikasema: bado, ongeza.

Sista Jiwe alikuwa ameshaninyakulia mtoto. Akamlaza mezani, akamfunika uso kwa kile kipira chao cha kupulizia hewa, akaanza kubinya. Akawa anahesabu kwa sauti kubwa kuliko mvua.

"Ingia. Mbili, tatu. Ingia. Mbili, tatu."

Hapo ndipo Winchi akaingia. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Alichokiona ni mama yake sakafuni, damu inamtoka kichwani, na mimi nimesimama juu yake.

Sikumrudishia. Watu watadhani nilijuta, au nilikuwa muungwana. Hapana. Nilikuwa nasikiliza. Alinipiga na kiti, nikasikia "ingia, mbili, tatu". Alinikanyaga mbavu, nikazisikia zikikatika kama fito, na nikawa namwomba moyoni, piga, ila usipige kelele, nisije nikapitwa na hesabu. Kibonge alikuwa analia. Wamama walikuwa wanapiga mayowe. Bega likaenda. Mimi niko chini, uso kwenye damu ya mama mkwe, nahesabu na Sista.

"Ingia. Mbili, tatu."

Kisha hakuhesabu. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kiatu cha Winchi.

Kisha mtoto akapiga chafya.

Kichafya kidogo, kama cha paka. Winchi akashusha mguu. Wote tukageuka.

Jumatatu, 22 Aprili

Polisi kaja kuchukua maelezo, viatu vyake vinatoa maji kila akihama mguu. Mashitaka yapo ya kutosha kila upande: mimi kumpiga mama mkwe, Winchi kunivunja mimi, mama mkwe kuhatarisha mtoto. Alinieleza kwa unyenyekevu kwamba kesi yangu ndiyo nzito.

Afisa ustawi naye kaja na mafua yake. Ameshaandika. Bibi hataruhusiwa kumgusa mtoto. Mtoto ni wangu.

Nimeshinda. Nilimwomba arudie ile sentensi nisikie vizuri.

Mama mkwe alimwambia Sista kila kitu, hakuficha. Alianza siku iliyofuata kikao na afisa. Alikuwa anamfunga Kibonge kikuku chetu mchana, anakirudisha jioni kabla ya zamu yangu. Hakukusudia kulala. Kazi ya cherehani alikuwa anaifanya alfajiri ili mchana awe huru. "Siku zote kioo kikilia ndicho kilichokuwa kinaniamsha," alimwambia Sista. "Nilisahau kwamba nimekiziba mdomo mwenyewe."

Jumanne, 23 Aprili

Mtoto amewekwa kwenye mashine ya joto pamoja na wengine wawili, wamelazwa kama samaki. Kilo moja na gramu mia mbili na themanini. Juzi alikuwa mia tatu na arobaini.

"Hongera kwa ushindi," Sista Jiwe akaniambia. "Sasa mshindi avue shati."

Nilivua kwa msaada wa muuguzi. Walimweka kifuani. Mbavu zikaniuma hivi kwamba pumzi yangu ikawa ya vipande vipande, na yeye, aliyezoea kuniiga, akaanza kupumua vipande vipande. Kioo kikalia. Nikajaribu tena, nikazimia. Waliniokota pembeni ya kiti. Mtoto Sista alishamdaka.

Wamama wengine? Kila mmoja ana wake kifuani. Hawana cha ziada.

Jumatano, 24 Aprili

Kilo moja na gramu mia mbili na hamsini. Kasahau mara tisa.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimekwenda nyumbani kwa mama mkwe. Mvua, bega kwenye bendeji, nimetembea kama mzee. Winchi alitoka mlangoni na spana ya magurudumu mkononi. Aliponiona nilivyopinda, spana ikamwia nzito.

"Umekuja kumalizia?"

"Nimekuja kumchukua mama."

"Afisa ustawi mwenyewe amesema asimguse mtoto."

"Afisa ameniachia mimi niamue, na polisi nimeshawaambia sina kesi. Wamenitukana, wanasema nimewachafulia karatasi. Nipishe."

Mama mkwe alikuwa kwenye cherehani, kichwa kimefungwa kitambaa, anashona kola ya shati dogo la shule. Hakuinua macho. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga njiani, yote yakanitoroka.

"Mtoto anapungua," nikasema. "Mimi siwezi kumbeba. Mwanao ameniharibu kifua."

"Nikimshika tena atakufa."

"Asiposhikwa anakufa pia. Naona kwa macho yangu."

Akakanyaga cherehani. Ikalia kidogo, ikanyamaza.

"Ulikuja pale mlangoni," akasema, "ukanipigia hesabu. Mwanangu nimemzika juzi, bado nina udongo kwenye kucha, wewe unanihesabia tisini na moja. Nikasema huyu atanichukulia na hiki kilichobaki, kwa namba."

"Nilitaka nikuchukulie. Kweli."

"Basi nikaziiba."

"Ziliibika kwa sababu nilizifanya mali. Maziwa, mama. Tofauti yote ilikuwa maziwa, Sista aliniambia, nikazibua sikio la pili yatoke."

Kwa mara ya kwanza akaniangalia. Alama ya kiwiko changu ilikuwa shavuni mwake, imekuwa kijani na njano.

"Hukuomba radhi," akasema.

"Wewe pia hukuomba."

"Mimi ni mkubwa."

"Ndiyo, mama."

Akakata uzi kwa meno, akasimama. "Winchi, washa gari. Na hiyo spana iweke chini, unaonekana mjinga."

Ijumaa, 26 Aprili

Sista Jiwe alimsimamisha mama mkwe mlangoni. Halafu akamwambia mambo ambayo siwezi kuyaandika, na mama mkwe akayapokea yote amesimama wima. Alipomaliza akamwambia, "Haya. Fungua kifua." Akanigeukia: "Na wewe, utakaa hapo pembeni yake. Akisinzia, mfinye."

"Nimfinye mama mkwe?"

"Ulimpasua kichwa. Kumfinya ndiko unakokuonea aibu?"

Kibonge alikuwa anaruhusiwa leo. Mama yake alipita kitanda cha nne bila salamu, amemkumbatia mwanawe kama aliyetoka mikononi mwa majambazi. Ana haki.

Jumatatu, 29 Aprili

Kinga ya usingizi tumeipata: tunagombana. Sauti ya chini, mchana kutwa. Jina la mtoto. Kama marehemu alipenda chumvi nyingi au kidogo. Kama nilimlazimisha kufanya kazi yadini na mimba (sikumlazimisha, alikuwa anakuja mwenyewe kunipangia hesabu, na alikuwa mkali kuliko mimi). Hapo mama mkwe akanyamaza, nikainua mkono wa kumfinya, kumbe analia.

Kilo moja na gramu mia nne.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua inapungua. Hakusahau leo.

Jumapili, 5 Mei

Hakusahau. Siku nne mfululizo sasa. Winchi ameleta papai, akaliweka miguuni pangu, akaondoka. Sikulila. Kisha nikalila.

Jumatano, 8 Mei

Sista Jiwe kafungua kikuku mguuni mwa mtoto, akakifuta kwa spiriti, akakifunga mguu wa mtoto mwingine aliyeingia asubuhi. Mstari wa nne ukawa wa mtu mwingine hapo hapo. Kilo moja na gramu mia saba.

Afisa ustawi alikuwepo. Akauliza mtoto anakwenda kuishi wapi. Tukajibu pamoja, majibu tofauti. Akafunika kalamu yake akangoja.

"Kwa bibi yake," nikasema. "Yadi ina kutu, hilo ni kweli. Na mimi nitahamia huko, kama nitapewa kona."

"Kona ipo," mama mkwe akasema. "Vyuma vibaki vyuma huko huko. Na akivunja hata kikombe kimoja nyumbani kwangu, afisa, nitakupigia simu."

Sijamsamehe. Usiku naota rangi ile ya risasi. Yeye naye akinipa kitu, anakiweka mezani nikiokote, hanipi mkononi. Nadhani itakuwa hivyo kwa miaka.

Tulipanda lori la Winchi, mtoto kifuani kwa bibi yake, mimi dirishani na bega langu. Hakuna runinga ndani ya lori. Tulikuwa tunamwangalia wote wawili, bila kupepesa, hata sijui barabara ilikuwaje.

Winchi akawasha injini. Lori likanguruma, likatikisika, na mtoto akafungua mdomo akapiga ukelele ambao sikujua anao, ukelele wa mtu mzima aliyedhulumiwa, uso mwekundu, ngumi juu. Winchi akazima gari. Jasho lilikuwa linamtoka, mtu mzima na mabega yake.

"Nimemfanya nini? Mama, nimemuua?"

Mama mkwe alikuwa ameshauweka mkono wake kwenye unyayo. Mimi wangu nilikuwa nimeuweka mgongoni mwa mtoto. Nikausikia mgongo ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, na ukelele ukiendelea.

"Washa," nikamwambia Winchi. "Akinyamaza ndipo usimamishe."